Kodi ya Miezi Sita

Barua ya kukubaliwa chuo ilinikuta shuleni, Rungwe, nikisahihisha mitihani ya kidato cha pili. Shahada ya uzamili ya jiografia na mazingira, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwajiri alinipa ruhusa ya masomo, na kwa mwalimu wa serikali ruhusa hiyo ina maana moja: mshahara unaendelea kuingia, ila ada, kodi, chakula na nauli utajijua mwenyewe. Na mshahara wenyewe haukuwa unafika mzima. Nilikuwa bado nalipa mkopo wa shahada ya kwanza, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kabla sijaiona, na chama chetu cha akiba na mikopo nacho kinachukua chake. Kaka yangu alinishauri nisubiri mwaka mmoja nijipange. Huo mwaka wa kujipanga nilishausubiri tangu nilipoajiriwa.

Nilipanda treni. Mabasi ya Mbeya kwenda Dar ni mengi, na ukiondoka alfajiri jioni au usiku uko mjini, lakini mimi sikuwa abiria wa begi. Nilikuwa na magunia mawili ya mchele wa Kyela, ndoo ya maharage ya njano, debe la viazi, godoro lililoviringishwa na kufungwa kamba, na sufuria zangu ndani ya beseni. Kwenye basi mzigo wa namna hiyo unalipiwa kwa maneno mengi na makondakta. Kwenye treni unapimwa, unapewa risiti, basi.

Reli ya TAZARA nimeifundisha ubaoni miaka mingi: kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kwa msaada wa China kuanzia 1970, na reli ikafika mwisho 1975. Wanafunzi wangu wanajua kwamba ilijengwa ili shaba ya Zambia ipate njia ya baharini bila kupita kwa Wareno na makaburu wa kusini. Mwalimu wao alikuwa hajawahi kuipanda.

Daraja la pili lina vitanda sita kila chumba, wanawake na wanawake, wanaume na wanaume. Nilimkuta mama mmoja mtu mzima ameshakalia kitanda cha chini, kanga moja kiunoni na nyingine begani, anamenya chungwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mzigo wote ule nje ni wako? Unafungua duka?"

"Naenda kusoma, mama."

"Kusoma na magunia mawili ya mchele!" Akacheka hadi chungwa likamponyoka. "Basi wewe hutalala njaa. Mimi wangu nausomesha Tandale."

Alikuwa mfanyabiashara wa mchele, wa Kyela hasa, na safari ya Dar kwake ni kama kwenda shambani. Kuanzia Mbeya mpaka Makambako alinihoji kuhusu ada, mshahara na kwa nini sijaolewa, kwa mpangilio huo. Makambako giza lilishaingia na baridi ya Nyanda za Juu imetubana kwenye mablanketi. Baada ya hapo reli inateremka kuelekea bonde la Kilombero kwa mahandaki na madaraja, na ndiyo sehemu niliyokuwa nimeitamani kuliko zote. Nikaipita gizani, nikihesabu mahandaki kwa masikio, maana treni ikiingia ndani sauti yake inabadilika na kurudi kukupiga usoni.

Mlimba walituamsha wauza ndizi na wali kuku. Ifakara ilikuwa zamu ya mchele. Vijana walinyanyua madishi hadi madirishani wakiita, "Kilombero huo, mama, unanukia!" Mama yangu wa Kyela alichota punje chache kwenye kiganja, akazinusa, akazirudisha kwenye dishi moja baada ya nyingine kwa heshima zote.

"Unanukia maji," akasema, na kushusha dirisha.

Nilipomwambia kwamba sijapata chumba, alikaa vizuri. Alishapanga Manzese, Tandale na Kigogo, na kote huko maji yalimkuta kitandani. "Chumba usikubali ukikiona jua linawaka," aliniambia. "Kama mvua hakuna, angalia ukuta. Wanaweza kupaka rangi, lakini mstari wa maji haufutiki. Na uangalie swichi za umeme ziko wapi."

Swichi za umeme sikuzielewa. Nikadhani anazungumzia gharama.

Asubuhi tulipita hifadhi ya Nyerere, ambayo hadi 2019 ilikuwa sehemu ya Selous. Twiga walisimama karibu na reli wakitutazama kama watu waliochoka kutazamwa. Hapo ndipo nilivua sweta. Mbeya tunaishi kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kadiri treni ilivyoshuka ndivyo watu walivyopunguza nguo, hata tulipofika stesheni ya Dar, pale Barabara ya Nyerere, blanketi langu lilikuwa limeshageuka mzigo usio na kazi.

Mama na mimi tulikodi kirikuu kimoja tukagawana nauli. Tukapita chini ya daraja la Mfugale, tukashika Barabara ya Mandela: Buguruni, Tabata, External, Ubungo. Tulimshusha Tandale na magunia yake, akaniandikia namba yake ya simu kwenye kiganja kwa kalamu yangu, akaniambia, "Ukimaliza huo mchele nipigie, nisikusikie unanunua wa Ifakara."

*

Nilifikia kwa mama mdogo, Mbezi, ng'ambo ya stendi kubwa ya mabasi ya mikoani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mama mdogo jembe hakunipa. Alinipa chumba cha watoto na akakataa hata mchele wangu. Kwa hesabu ya juujuu, kukaa pale kungekuwa bure.

Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, na kwa sehemu kubwa wamepangwa kufuata barabara nne zinazotoka katikati ya mji: ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Nyerere ambayo wazee bado wanaiita ya Pugu, na ya Kilwa. Kadiri unavyosogea nje ndivyo kodi inavyoshuka, na kila asubuhi wote waliosogea nje wanataka kurudi ndani kwa wakati mmoja. Mambo haya nayafundisha. Ni kitu kingine kuyajua ukiwa umesimama saa kumi na moja alfajiri, mkoba kifuani, kiwiko cha mtu shingoni, konda anasema nyuma kweupe.

Nilichukua daftari nikapiga hesabu. Kutoka Mbezi hadi Mlimani, chuoni, ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Hata ukichukua nauli ya chini kabisa, ambayo mwishoni mwa 2023 ilipanda hadi sh. 600, hiyo ni sh. 2,400 kwa siku. Siku ishirini za masomo kwa mwezi, sh. 48,000. Nauli ya wanafunzi ipo, lakini ni ya watoto wa sare. Mwanamke wa umri wangu akimwambia konda yeye ni mwanafunzi, gari zima linageuka kumwangalia. Sasa tuseme nimepanga hukohuko Mbezi chumba cha sh. 45,000 ili nisimchoshe mama mdogo. Kodi na nauli zinafika sh. 93,000, na saa nne za kila siku zimebaki barabarani. Chumba cha sh. 80,000 ambacho unatoka kwa miguu kwenda darasani ni rahisi kuliko hicho. Kasoro yake ni moja: nauli unailipa sh. 600 kila unapopanda, ilhali kodi inadaiwa ya miezi sita kwa mkupuo. Kwa hiyo mwenye hela kidogo hujikuta anaishi mbali, na anaulipia huo umbali kidogokidogo mpaka anampita gharama yule anayekaa jirani na chuo. Sijui kama wachumi wana jina lake. Mama mdogo alisema ni mji tu.

Nikamtafuta dalali. Dar huwezi kupata chumba bila dalali, hata kama chumba kiko wazi na mwenye nyumba amekaa barazani. Kijana wangu alikuja na bodaboda, akataka sh. 10,000 ya kunizungusha, na mwisho wa siku angechukua kodi ya mwezi mmoja. Nilimwambia nataka mahali pa kutembea kwa miguu hadi chuo. Akanipeleka Sinza.

"Hapa chuo palee," akaonyesha kwa kidole upande wenye maghorofa.

Chumba kilikuwa sh. 50,000. Kipana, rangi mpya ya maziwa, sakafu ya saruji iliyosuguliwa. Nilikaribia kusema ndiyo. Kisha nikatafuta pa kuchaji simu. Soketi ilikuwa juu, usawa wa kifua changu. Nikaangalia ukuta wa pili: swichi nayo juu, karibu na kichwa. Chumba cha jirani mlango ulikuwa wazi, nikaona kitanda kimesimama juu ya matofali, mawili mawili kila mguu, na kabati limening'inizwa ukutani. Nikainama nyuma ya mlango, mahali ambapo brashi ya mpaka rangi haikufika vizuri, na ule mstari ulikuwepo: chini rangi ya udongo, juu nyeupe, umenyooka kama umepigwa kwa rula, juu kidogo ya goti.

"Hizi soketi mbona ziko juu hivi?"

"Ni fasheni, dada yangu. Na watoto wasichezee umeme."

Nyuma ya ukuta wa uwani, hatua chache tu, ulikuwa unapita Mto Ng'ombe. Mto huu unatokea pande za Chuo Kikuu, unapita Sinza na Tandale na kuelekea Msimbazi, na Msimbazi unatoka milima ya Pugu, unapita Jangwani na kuingia baharini kwenye Daraja la Selander. Mvua ikipiga kwenye vilima vya juu, maji hayana pa kwenda ila mabondeni, na mabondeni ndiko kodi iliko nafuu. Nilimshukuru kijana, nikapanda bodaboda.

Tuliishia Changanyikeni, juu, nyuma ya chuo. Chumba kimoja ndani ya nyumba ya vyumba sita, choo na bafu uwani vya kuchangia, dirisha lenye nondo na wavu wa mbu. Soketi ilikuwa chini, sentimeta chache kutoka sakafuni, mahali soketi zinapopaswa kuwa. Sh. 80,000. Mama mwenye nyumba alitaka miezi sita, nikaomba mitatu. "Mwanangu, mitatu ni ya wapita njia," akasema. Nikahesabu mbele yake sh. 480,000, na nje ya geti nikamhesabia dalali sh. 80,000 zake. Nilitembea kutoka pale hadi jengo la Utawala la chuo nikitazama saa: kama nusu saa, mteremko na mwinuko, njia ya vumbi kisha miti ya chuo.

*

Chuo chenyewe sitakisimulia sana. Wasomaji wengi wamekipitia au wamesikia watoto wao wakikilalamikia. Kilianza 1961 mjini, Mtaa wa Lumumba, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikahamia kilimani miaka michache baadaye, na 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Nilichokipenda mimi ni maktaba mpya. Ilifunguliwa Novemba 2018, nayo kwa msaada wa China, na inakalisha wasomaji zaidi ya 2,000. Wachina walinileta kwa reli yao, wakanipokea kwa kiyoyozi chao. Novemba na Desemba, joto la Dar likiwa limekaa juu ya mabati ya Changanyikeni, mimi nilikuwa mle ndani kuanzia asubuhi: umeme wa bure, intaneti ya bure, maji ya kunywa ukibeba chupa. Kiyoyozi kikizidi, wenzangu wa pwani wanatoka nje kwenda kuota jua kwenye vimbweta. Mimi nilirudia blanketi langu la Rungwe. Nililikata nusu nikalifanya mtandio.

Nyumbani shughuli ilikuwa LUKU. Mita moja, vyumba sita, na kila mtu ana hakika kwamba jirani ndiye anayeumaliza umeme. Muuguzi wa chumba cha kwanza alikuwa na friji. Kijana wa chumba cha nne alikuwa na sabufa ambayo iliwasha taa za kijani hata ikiwa kimya. Mke na mume wa chumba cha mwisho walikuwa wanapiga pasi nguo za wiki nzima Jumapili usiku. Mimi nilikuwa na balbu, simu na kompyuta, lakini kwa kuwa ni mwalimu wakanipa kazi ya kukokotoa. Tulikaa uwani na karatasi. Tukakubaliana kila chumba hisa moja, friji inaongeza hisa nzima, pasi nusu. Sabufa ilileta ubishi mkubwa. Mwenyewe alidai haili umeme, inautumia tu kwa sauti. Ikapewa nusu hisa kwa kura tano dhidi ya moja.

Mafuta ya kupikia ndiyo yalinifungua macho zaidi. Mtaani unanunua ya kupima, ya sh. 500, yanamiminwa kwenye kifuko cha nailoni. Kila nilichonunua nilikimimina kwenye chupa ya lita moja, nikiandika pembeni. Chupa ilipojaa nilikuwa nimetoa sh. 6,500. Duka hilohilo, rafu ya juu, lita iliyofungwa kiwandani iliuzwa sh. 5,000. Mkaa wa kopo ni hivyohivyo, sukari ya kupima ni hivyohivyo. Ni hesabu ileile ya nauli na kodi, imeshuka hadi jikoni. Nilimwonyesha muuguzi daftari. Yeye akawaita wengine, tukachangishana wapangaji wanne tukanunua dumu la lita 20, tukagawana kwa kikombe changu cha vipimo nilichotoka nacho maabara ya shule. Kijana wa sabufa alikataa. Alisema akiwa na mafuta mengi ndani anakaanga kila siku, na hapo sikuwa na jibu, maana ni kweli.

Na mchele. Gunia la kwanza lilikuwa la kula. La pili nilitaka kulitunza, lakini mama ntilie wa karibu na geti la chuo alionja wali wangu siku moja tulipobadilishana vyombo, akauliza unatoka wapi. Nikamuuzia kilo tano kwa kujaribu. Wiki iliyofuata akataka kumi. Nilimpigia mama wa Kyela, yule wa kwenye treni.

"Si nilikwambia unafungua duka?" akasema, na nilimsikia anamweleza mtu pembeni habari zangu.

Sikuwa mfanyabiashara mkubwa. Gunia moja kwa mwezi, faida ya kutosha nauli za siku ninazokwenda mjini na kurudufu karatasi za kusoma. Lakini kuanzia tarehe 20 ya mwezi, mshahara ukiwa umebaki jina, wali na maharage kwa yule mama ntilie nilikula kwa daftari, na daftari hilo tulikuwa tunalifuta kwa mchele. Wenzangu darasani wengine walikuwa wanaruka mlo wa mchana na kusema wamefunga. Mmoja, mtoto wa Kigoma, alikuwa anapitisha mwezi kwa dagaa aliotumiwa na mama yake, na tulipobadilishana dagaa kwa mchele, kilo kwa kilo, kila mmoja wetu alijiona amemzidi mwenzake akili.

*

Pendekezo langu la utafiti lilitoka nyuma ya mlango wa kile chumba cha Sinza. Nilitaka kuchunguza kodi za nyumba na mafuriko katika mabonde yote ya Dar es Salaam. Msimamizi wangu alilisoma, akachora mstari mwekundu chini ya neno "yote", akasema, "Mwalimu, una pikipiki? Una wasaidizi? Basi chukua mtaa mmoja." Nikachukua mtaa mmoja. Masika yalipofika, kati ya Machi na Mei, nilikuwa napita nyumba kwa nyumba kando ya Mto Ng'ombe na futi ya fundi cherehani, napima vitu viwili: urefu wa mstari wa maji kutoka sakafuni, na urefu wa soketi ya umeme. Kisha nauliza kodi. Sehemu nyingine mto umeshapanuliwa na kujengewa kingo za zege, na hapo wenyeji walinicheka kwamba nimechelewa: maji yamepungua, lakini kodi imepanda, na waliokuwa wanaogelea na vyombo vyao wamehamishwa na bei. Wamekwenda wapi? Niliuliza hivyo kila nyumba. Wengi walinionyesha kwa mkono upande wa Barabara ya Morogoro. Mbali.

Kwa hiyo sikuwa na namna ya kuondoka Changanyikeni kabla ya kumaliza kukusanya data, na mama mwenye nyumba alilijua hilo. Miezi sita ilipoelekea kuisha alinikuta uwani nafua.

"Mwalimu, umeona baraza?" Alikuwa ameweka marumaru, meupe yenye maua, ambayo mvua ikinyesha yalikuwa yanateleza kama barafu.

"Nimeyaona mama, yamependeza."

"Basi kodi sasa ni laki."

Nilimaliza kusuuza shati. Nikamwambia mama, marumaru yako nje, mimi nalala ndani. Nikamwambia pia kwamba choo kimeziba mara kadhaa na kila mara tumechangishana wapangaji, na mkataba hausemi ni juu ya nani. Akaenda kuulizia kwa mwanawe. Akarudi na sh. 90,000. Nikataja 80,000 ileile na miezi mitatu. Muuguzi akatoka chumbani kwake akajifanya anaanua nguo, ili asikie yake itakuwaje.

Tumemalizana kwa sh. 85,000, miezi minne, na choo kikiziba anazibua yeye. Nimeliandika hilo la choo kwa mkono wangu chini ya mkataba, na tumekwenda wote wawili serikali ya mtaa kugongewa mhuri.